Kurenda picha za majengo zinazoaminika: mwongozo kamili kwa anayeanza

Picha ninazoletewa na wasomaji zinafanana mno. Ni sebule yenye kochi la gharama, zulia, mimea kila kona, taa za dari zilizopangwa mstari, dirisha jeupe pe lisiloonyesha kitu nje, na sakafu inayong'aa mwanzo hadi mwisho. Vitu vyote vipo, lakini jicho linakataa. Swali linalofuata ni lile lile: nihamie programu gani, au ninunue kompyuta gani?

Hakuna cha kununua. Ukizichunguza picha hizo utaona kazi imefanyika kinyumenyume: samani zimeingia kabla vipimo havijahakikiwa, teksicha (picha za nyuso kama mbao au vigae) zimebandikwa kabla mwanga haujakaa sawa, kisha kila penye giza pakaongezwa taa. Ukiupanga upya mtiririko wa kazi, programu hiyo hiyo na kompyuta hiyo hiyo zitakupa picha nyingine kabisa.

Kurenda ni kuiamuru kompyuta ifuate njia za mwanga ndani ya modeli yako na kutoa picha. Zoezi letu basi linaanza na mwanga. Tutachukua chumba kimoja chenye dirisha moja, mchana, na tutanakili picha halisi iliyopigwa kwa kamera. Nasisitiza kunakili, maana ukibuni chumba chako mwenyewe huna cha kukuonyesha umekosea wapi.

Mifano ni ya Blender, programu ya kujenga modeli, na Cycles, injini yake inayokokotoa mwanga, kwa kuwa haina malipo. Anayetumia V-Ray au Corona atakuta mipangilio hiyo hiyo kwa majina yanayokaribiana. Wa Lumion, Enscape na Twinmotion atakosa baadhi, ila hatua sita za mwanzo zinamhusu vilevile.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye Blender. Kadi ya michoro huharakisha kazi. Isipokuwepo, kazi inafanyika, utasubiri tu zaidi.
- Picha moja halisi ya chumba, iliyopigwa mchana bila taa kuwashwa wala flashi. Ukiipiga mwenyewe kwa simu ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kurudi kukipima chumba.
- Futi kamba.
- Picha ya anga ya aina ya HDRI, yaani picha ya nyuzi 360 inayohifadhi nguvu halisi ya mwanga. Tovuti ya Poly Haven inazitoa bure kwa leseni ya CC0, inayoruhusu matumizi yoyote, pamoja na teksicha na modeli. ambientCG nayo ina teksicha nyingi kwa leseni hiyo hiyo.
- Programu ya kuhariri picha, kama GIMP au Krita.
- Daftari na kalamu.

Maktaba kubwa ya samani haimo kwenye orodha, na nimeiacha makusudi. Meza moja, kiti kimoja na pazia vinatosha.

## Hatua ya 1: Isome picha halisi

Usifungue Blender bado. Fungua picha yako kwenye GIMP, chukua kifaa cha kuchukulia rangi, kisha bonyeza sehemu mbalimbali za ukuta mweupe. Andika namba unazopata.

Utashangaa. Karibu na dirisha ukuta unakaribia weupe kamili. Kwenye kona ya mbali ni kijivu, tena mara nyingi kijivu chenye ubluu kidogo, kwa kuwa unapokea mwanga wa anga na si wa jua. Juu kidogo ya sakafu ya mbao, ukuta huo huo umeshika rangi ya chungwa hafifu, kwa sababu jua limegonga mbao na kuirudishia ukuta rangi yake. Ukuta ni mmoja, rangi ya ndoo ni moja, lakini picha ina rangi kumi.

Sasa jibu haya kwa maandishi:

- Mwanga mkuu unaingia kutoka upande gani, na kwa kimo gani?
- Vivuli vina kingo kali au vimefifia? Ni wapi vinakuwa vikali zaidi?
- Sehemu gani ina mwanga kuliko zote, na ipi ina giza kuliko zote?
- Nje ya dirisha kunaonekana, au kumeungua kukawa kweupe?
- Nyuso zipi zinaakisi, na mwakisiko wake ni wa wazi kama kioo au umetawanyika?

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wa maelezo unaoweza kumpa mtu asiyeiona picha, naye akajua jua lilikuwa wapi.

## Hatua ya 2: Jenga kwa vipimo vya kweli

Weka vizio vya mita kwenye faili lako, kisha jenga chumba kwa vipimo ulivyovichukua. Kama picha si ya chumba unachoweza kukifikia, tumia vipimo vya kawaida: mlango mita 2 hadi 2.1 kwa kimo, na upana wa sentimita 80 hadi 90. Meza ya kulia chakula sentimita 75. Kikalio cha kiti sentimita 45. Kaunta ya jiko sentimita 90. Kipandio cha ngazi sentimita 15 hadi 18.

Vipimo si suala la mchoraji ramani pekee. Nguvu ya taa hupungua kwa mraba wa umbali: ukiusogeza ukuta mara mbili mbali na taa, unapata robo ya mwanga. Chumba kilichojengwa kwa ukubwa mara kumi kitakuwa na mwanga wa ghala hata ukiweka samani za sebuleni. Ukungu wa lenzi nao, yaani kufifia kwa vitu visivyolengwa na kamera, na ukubwa wa teksicha, vyote vinafuata kipimo.

Mambo manne huangusha wengi hapa.

Kuta zisizo na unene. Ukuta wa karatasi huvujisha mwanga kwenye maungio. Upe unene wa sentimita 15 au 20, na dari iwe na unene pia. Kingo za dirisha zenye kina ndizo zinazoshika mwanga wa kwanza unaoingia ndani, na ni mahali pazuri sana kwenye picha, usizikose.

Kingo kali kama wembe. Katika vitu halisi karibu hakuna ukingo wa nyuzi 90 kamili. Meza, fremu ya mlango, rafu, hata kona ya plasta, vyote vimeviringika kidogo, na mviringo huo hudaka mstari mwembamba wa mwanga. Tumia kilainisha kingo cha Blender, "Bevel", kwa milimita 1 hadi 3 kwenye samani na fremu. Ukiniuliza ni jambo gani moja dogo hubadilisha renda kuliko mengine, nitakutajia hili.

Kipimo kisichothibitishwa. Ukivuta kitu kikubwe au kipungue, bonyeza Ctrl+A kisha uthibitishe kipimo. Usipofanya hivyo, kingo zitalainika upande mmoja zaidi ya mwingine na teksicha itavutika.

Nyuso mbili mahali pamoja. Zulia lililolala sawasawa na sakafu, au ubao wa skatingi ulio sawasawa na uso wa ukuta, hutoa madoa meusi yanayochezacheza. Nyanyua zulia milimita chache. Lina unene wake hata hivyo.

Umefaulu ikiwa ukikitazama chumba kwa rangi moja ya kijivu, bila samani, unajua bila kuambiwa mlango ni mkubwa kiasi gani.

## Hatua ya 3: Weka kamera kama mpiga picha

Wanaoanza hupenda lenzi pana sana ili chumba kizima kiingie. Matokeo yake kiti cha pembeni kinanyooka kama ulimi na chumba kinakuwa uwanja. Kwa ndani, tumia lenzi ya milimita 24 hadi 35 huku upana wa sensa ukiwa milimita 36, ambao ndio Blender huanza nao. Kwa nje, milimita 28 hadi 50 zinafaa. Kama chumba hakitoshei, onyesha sehemu yake. Kona iliyopangwa vizuri inaeleza chumba kuliko picha iliyobana kila kitu.

Kimo cha kamera kiwe kati ya mita 1.2 na 1.6. Kisha hakikisha kamera haikuinama wala haikutazama juu: mzunguko wake wa X uwe nyuzi 90 kamili. Ukihitaji kuona dari zaidi au sakafu zaidi, tumia "Shift Y" kwenye mipangilio ya lenzi badala ya kuiinamisha kamera. Wapiga picha wa majengo hulinda mistari ya wima isimame wima. Kuta zinazoegemeana ni alama ya kwanza ya picha ya mwanafunzi.

Sasa ingiza picha yako halisi kama mandhari ya nyuma ya kamera, uipe uwazi wa nusu, halafu sogeza kamera hadi mistari ya kuta, mlango na dirisha ilaliane. Kazi hii inaudhi mara ya kwanza. Programu ya bure iitwayo fSpy inaweza kukukadiria nafasi na lenzi ya kamera kwa kuchora mistari juu ya picha.

Umefaulu ikiwa ukiwasha na kuzima picha ya nyuma, kona za chumba hazirukiruki.

## Hatua ya 4: Mwanga, chumba kikiwa kijivu

Hapa ndipo renda inapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Tengeneza materiali (mpangilio wa rangi na mng'ao wa uso) moja ya kijivu, rangi yake 0.5 kwenye chaneli zote tatu, isiyong'aa. Kwenye kichupo cha View Layer kuna sehemu ya "Override". Iweke hapo, na kila kitu kitavaa kijivu hicho. Ficha vioo vya dirisha, maana navyo vitakuwa kijivu na kuziba mwanga.

Kwa nini kijivu? Kwa sababu rangi na teksicha hudanganya. Sakafu nzuri ya mbao inaweza kukuficha kwamba mwanga wako hauna mwelekeo. Kijivu hakina pa kuficha.

### Jua na anga

Chagua chanzo kimoja kati ya viwili. Ama picha ya HDRI yenye jua ndani yake, ama anga iliyotengenezwa na programu pamoja na taa ya jua. Usichanganye HDRI yenye jua na taa nyingine ya jua; utapata vivuli viwili vinavyoelekea pande mbili, na mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja.

Ukitumia taa ya jua, pembe yake iwe nyuzi 0.53, ambao ndio upana wa jua likitazamwa kutoka duniani. Pembe hii ndiyo inayoamua ukali wa kivuli. Kivuli cha jua hufifia kwa takribani milimita 9 kwa kila mita moja kati ya kitu na mahali kivuli kinapoangukia. Mguu wa kiti unapogusa sakafu kivuli ni kikali. Kivuli cha fremu ya dirisha kilichosafiri mita tatu hadi sakafuni kimefifia karibu sentimita 3 ukingoni. Ukiweka pembe sifuri, kila kivuli kitakuwa kimekatwa kwa mkasi, na picha itarudi kuwa ya mchezo wa zamani wa kompyuta.

### Tofauti ya nje na ndani

Jua la mchana hutoa takribani luksi 100,000 juu ya ardhi. Ndani ya chumba mbali na dirisha kunaweza kuwa na mia chache tu. Jicho hurekebisha tofauti hiyo bila sisi kujua, kamera haiwezi hivyo. Ndiyo maana katika picha halisi, chumba kikionekana vizuri, nje huungua kiasi; na nje ikionekana vizuri, chumba huwa na giza.

Anayeanza akiona chumba kina giza huongeza taa za kubuni kwenye kona. Acha. Ongeza kiwango cha mwanga kinachoingia kwenye kamera, yaani "Exposure", kama mpiga picha anavyofanya. Taa isiyo na chanzo kinachoeleweka hufuta vivuli vilivyokuwa vinakupa umbo la chumba.

Hakikisha pia kwenye usimamizi wa rangi umechagua AgX, ambayo ndiyo ya kuanzia tangu Blender 4.0. Kwenye matoleo ya nyuma tumia Filmic. Chaguo la "Standard" huunguza sehemu zenye mwanga mwingi ghafla: jua likigonga sakafu unapata kipande cheupe chenye ukingo mkali. AgX hulishusha polepole, kama filamu na kamera zinavyofanya.

### Mwanga unaodunda

Mwanga mwingi wa ndani ni ule uliokwisha kugonga kitu kingine kwanza. Blender huanza na midundo 4 kwa nyuso zisizong'aa. Kwa chumba kirefu chenye dirisha moja, panda hadi 8 uone kona ya mbali ikifunguka. Zaidi ya hapo tofauti huwa ndogo na muda unaongezeka.

Kwenye uwazi wa dirisha weka taa ya mstatili inayolingana nao, uelekeo wake ndani, kisha uifanye "Portal". Haiongezi mwanga wowote. Inaielekeza injini itafute mwanga wa anga pale dirishani, na chenga, yaani nukta nukta zinazochafua picha, hupungua.

Umefaulu ikiwa picha ya kijivu, bila teksicha hata moja, inafanana na picha ya maketi (mfano mdogo wa jengo) iliyopigwa kwa kamera. Fumba macho nusu uilinganishe na picha halisi: mapande ya giza na mwanga yakae mahali pale pale. Mtu akiweza kukisia kama ni asubuhi au saa tisa alasiri, endelea. Asipoweza, baki hapa.

## Hatua ya 5: Materiali, moja baada ya nyingine

Ondoa kijivu. Anza na nyuso kubwa: kuta, sakafu, dari. Renda kila baada ya moja.

Rangi ya msingi. Usitumie nyeupe ya 1.0 wala nyeusi ya 0. Rangi nyeupe ya ukuta ipe 0.8, isizidi hapo. Kitu cheusi kisishuke chini ya 0.02 au 0.03. Uso wa 1.0 haunyonyi mwanga hata kidogo. Kila mdundo unarudi wote, kona zinakosa vivuli na chumba kinabaki maziwa. Ukuta wa 0.8 hupoteza sehemu ya tano ya mwanga kwa kila mdundo, na hapo ndipo kona zinapopata kina.

Ukwaruzo. Kwenye programu umeandikwa "Roughness", kutoka 0 hadi 1. Huu ndio unaotofautisha marumaru iliyosuguliwa na saruji, wala si rangi. Kosa linalonifikia kila mara ni namba moja kwa uso mzima. Tazama sakafu yoyote iliyotumika ukiwa umeinama kuelekea dirishani: njia ya kupitia watu ina mng'ao tofauti na pembeni, na pana mikwaruzo inayoonekana tu mwanga ukiipiga kwa ubavu. Tumia ramani ya ukwaruzo iliyokuja na teksicha yako. Kama haina, changanya kelele hafifu ya programu ("Noise Texture") iyumbishe namba kati ya, tuseme, 0.3 na 0.45.

Chuma au si chuma. "Metallic" iwe 0 au 1. Hakuna mbao ya 0.3. Uso unaohitaji mng'ao bila kuwa chuma unapunguziwa ukwaruzo.

Rangi za ramani. Ramani za ukwaruzo na za mwinuko ("Normal") ni namba zilizovaa sura ya picha. Ziwekee "Non-Color" kwenye nafasi ya rangi. Ukiziacha kama picha ya kawaida, programu itazigeuza kabla ya kuzisoma, na sakafu itang'aa kuliko inavyotakiwa huku ukihangaika kutafuta sababu.

Ramani ya mwinuko iliyogeuka. Zipo za aina mbili, OpenGL na DirectX, na Blender inasoma ya OpenGL. Mifereji kati ya vigae ikionekana imevimba badala ya kubonyea, umepakua ya DirectX. Pakua nyingine, au geuza chaneli ya kijani.

Ukubwa wa teksicha. Tovuti nzuri huandika teksicha inafunika eneo la kiasi gani. Heshimu namba hiyo. Kisha hesabu kwenye renda: kama vigae ni vya sentimita 60 na mlango una upana wa sentimita 90, mbele ya mlango panapaswa kuenea kigae kimoja na nusu. Vikitosha vinne, umekosea, na hakuna taa itakayookoa picha hiyo.

Marudio. Fundo la mbao linalojirudia kila mita mbili huonekana upesi. Ukiweza, jenga mbao za sakafu moja moja na uzipe kila moja sehemu tofauti ya teksicha na tofauti ndogo ya rangi.

Kioo cha dirisha. Kioo kamili kwenye Cycles huzuia mwanga wa jua usipite vizuri na kuleta chenga au giza. Kwa zoezi hili kiondoe tu. Baadaye, changanya kioo na uwazi kwa kutumia nodi ya "Light Path", upande wa "Is Shadow Ray", ili mwanga upite kama hakuna kitu huku jicho likiona mwakisiko. Kipindishio cha mwanga cha kioo ni takribani 1.5, cha maji 1.33.

Umefaulu ikiwa unaweza kutambua kila uso kwa mng'ao wake peke yake. Geuza renda kuwa nyeusi na nyeupe: mbao ibaki mbao, kitambaa kibaki kitambaa.

## Hatua ya 6: Dalili za maisha

Weka sasa meza, kiti na pazia. Vitu vilivyopangwa na kompyuta hunyooka kupita kiasi, kwa hiyo kizungushe kiti nyuzi chache kutoka mezani. Vitabu visilingane. Mikunjo ya pazia isiwe sawa. Weka swichi na soketi kwenye ukuta. Ni vitu vidogo vinavyompa mtazamaji kipimo bila yeye kujua.

Kisha acha. Uchafu uliopakwa kila mahali unaharibu sawa na usafi wa kupindukia. Chumba kinachakaa panaposhikwa na panapogongwa: kuzunguka kitasa, ukingo wa chini wa mlango, kona ya ukuta kwenye korido. Katikati ya ukuta juu ya kichwa cha mtu hakuna anayepagusa.

Umefaulu ikiwa hakuna kitu kinachodai kutazamwa kuliko chumba chenyewe.

## Hatua ya 7: Renda ya mwisho

Majaribio yote fanya kwa robo au nusu ya ukubwa. Ukubwa kamili ni wa mwisho tu: pikseli 3840 kwa 2160 kwa skrini, au 4961 kwa 3508 ukitaka kuchapa kwenye karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi.

Chenga hupungua nusu kila unapozidisha sampuli (idadi ya njia za mwanga zinazojaribiwa kwa kila pikseli) mara nne, kwa hiyo kupanda kutoka 500 hadi 2,000 kunagharimu muda mara nne kwa faida ya nusu. Badala ya kupanda bila kikomo, tumia kifuta chenga cha OpenImageDenoise kilichomo ndani ya Blender. Angalia tu kisifute na kazi yako: kuza picha kwenye zulia na mbao, na kama nyuzi zimegeuka kuwa rangi iliyopakwa kwa brashi, sampuli zako ni chache mno, ongeza.

Vidoa vyeupe vinavyorukaruka, rudi kwenye "Clamp Indirect" na uweke 10. Ukishuka sana chini ya hapo mwanga unaodunda utakufa.

Hifadhi kwa OpenEXR, au PNG ya biti 16. JPEG hutupa taarifa utakazozihitaji hatua inayofuata.

## Hatua ya 8: Kuhariri, kwa mkono mwepesi

Rekebisha mwanga kwa jumla, uwiano wa weupe, na utofauti wa giza na nuru. Mng'aro kidogo kuzunguka dirisha unakubalika, maana lenzi halisi hufanya hivyo. Ukiona unatumia saa nzima hapa, kuna hatua ya nyuma haijakamilika; irudie hiyo.

Weka renda na picha halisi ubavu kwa ubavu. Chukua tena kifaa cha rangi, bonyeza sehemu zile zile ulizobonyeza katika Hatua ya 1, na ulinganishe namba.

## Ukiona hivi, rudi huku

- Kila kitu kinaonekana cha plastiki: ukwaruzo ni namba moja kwa uso mzima, na kingo hazijalainishwa.
- Samani zinaelea: vivuli vya pale miguu inapogusa sakafu vimefutwa na taa za ziada. Zizime.
- Chumba kina weupe wa maziwa: rangi ya ukuta imezidi 0.8.
- Chumba kinaonekana kama cha wanasesere: teksicha ni kubwa mno, au kamera imewekwa juu na ukungu wa lenzi umezidi.
- Mistari ya mwanga kwenye kona za dari: kuta hazina unene, au zimeachana kwenye maungio.

## Zoezi linalofuata

Usihamie nyumba nyingine bado. Chukua chumba hicho hicho, materiali zile zile, ubadilishe mwanga peke yake.

Kwanza fanya siku ya mawingu: HDRI isiyo na jua, vivuli laini, rangi baridi. Ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa utofauti ni mdogo na picha hulala kwa urahisi. Utalazimika kuitegemea ile giza ndogo ya chini ya meza na nyuma ya pazia.

Halafu fanya jioni baada ya jua kuzama, taa za ndani zimewashwa. Taa ya joto ni ya kelvini 2,700 hadi 3,000, huku anga ya saa hiyo ikiwa ya buluu nzito. Weka uwiano wa weupe katikati ya hizo mbili, karibu kelvini 4,000, ili taa zibaki za dhahabu na dirisha libaki la buluu. Taa ziwe na balbu unayoiona au kifuniko cha taa kinachoeleza mwanga unatoka wapi, na ukubwa wa chanzo ulingane na balbu ya kweli. Ukimaliza zote tatu, piga picha chumba halisi katika hali hizo mbili mpya na ulinganishe namba kwa namba kabla ya kuanza jengo jingine.